Kushusha na Kupakia Kempa ya Pikapu Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Viwanja vya Mwanza

Wanaonipigia simu huanza na maneno yale yale: "Kaka, jeki imepinda." Nikifika nakuta jeki ni nzima kabisa. Kilichopinda ni uwanja.

Kempa ya pikapu, yaani kile kijumba cha kulala kinachokaa juu ya bodi, imetengenezwa ishushwe kwa jeki nne za pembeni zikisimama kwenye sakafu tambarare. Sisi tuna Isamilo, Bugando, Mabatini na Bwiru: viwanja vilivyochongwa mlimani, mguu mmoja wa jeki juu ya mwamba, wa pili juu ya kifusi cha mwaka jana, wa tatu karibu na shimo la maji machafu. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye ardhi na unapita haraka kwenye jeki. Ukiielewa ardhi, kuzungusha mpini hata kijana wa jirani ataweza.

## Vinavyohitajika

Kusanya vyote kabla hujagusa jeki hata moja. Kwenda kutafuta mbao wakati kempa iko hewani ndiko kunakoleta msiba.

- Vipande vinne vya mbao ngumu, sentimita 30 kwa 30, unene wa inchi 2, na vingine sita vyembamba vya kusawazishia.
- Kabari mbili za tairi, za mbao. Jiwe linateleza.
- Pimamaji mbili ndogo: moja ubavuni mwa kempa, moja mbele.
- Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, kama mita 8, ule wa mafundi ujenzi.
- Futi ya kupimia, chaki na tepu ya rangi kali.
- Mpini wa jeki na spana ya kulegezea mikanda au minyororo.
- Magogo mafupi ya mbao ya kupanga kimsalaba chini ya kempa.
- Raba ya kutandika kwenye bodi.
- Mtu wa pili. Mmoja tu. Wakiwa watano kila mmoja ni fundi.

Matofali ya saruji, hasa yale yenye matundu, yaache ukutani. Tofali la namna hiyo halipindi wala halilalamiki. Linakaa kimya, kisha linapasuka kwa mara moja.

## Hatua ya 1: Chagua mahali kwa mpira wa maji, usiamini macho

Macho ya mtu aliyezoea mlima yanadanganya. Umekaa Isamilo miaka kumi, uwanja wako unauona tambarare kwa sababu wa jirani ni mbaya zaidi.

Jaza maji kwenye mpira, toa mapovu yote, kisha shika ncha moja mahali mguu wa mbele utakapokaa na mwenzako ashike nyingine mahali pa mguu wa nyuma. Maji ya pande zote mbili hukaa usawa mmoja. Pima kutoka kwenye maji hadi chini, kila upande. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mteremko wako. Rudia kwa upana, kisha kwa pembe, kutoka mguu wa mbele kulia hadi wa nyuma kushoto.

Kanuni yangu ni hii. Tofauti ikiwa chini ya sentimita 5, nasawazisha kwa mbao. Ikiwa kati ya 5 na 10, nachimba upande wa juu. Sijazi upande wa chini. Ikizidi 10, natafuta mahali pengine, hata kama ni kuomba uwanja wa jirani au wa kanisa kwa saa moja. Wapo watakaoniona mwoga. Sawa.

Kwa nini kuchimba badala ya kujaza? Udongo ambao haujaguswa umeshashindiliwa na miaka. Kifusi ulichomwaga jana kina hewa, na hewa hiyo itatoka siku kempa ikiwa juu yake.

Halafu tafuta shimo. Nyumba nyingi zetu zina karo la maji machafu uani, na mfuniko wake mara nyingi umefunikwa udongo na bustani ya mchicha. Muulize aliyejenga, au mama mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida anajua zaidi. Usiweke mguu juu ya mfuniko, wala karibu na ukingo wake kwa mita moja na nusu.

Utajua umefaulu: una alama nne za chaki au vijiti ardhini, na unajua tofauti ya kila moja kwa sentimita.

## Hatua ya 2: Saa na hali ya hewa

Fanya asubuhi. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, na upepo wa ziwani unaingia. Kufikia alasiri, huko Bwiru na Capri Point, mapazia yanapepea. Kempa iliyoinuliwa ni ukuta juu ya fimbo nne. Upepo unaousikia shingoni nayo inausikia.

Masika, kama usiku kulinyesha, ngoja. Nitakuambia kwa nini, kwa aibu kidogo. Nilishusha yangu jioni moja ya Aprili, Buswelu, kwenye moramu niliyoiona imekauka. Sikuweka mbao za 30 kwa 30; niliweka vipande vya ubao wa kitanda. Usiku mvua ikaja. Asubuhi mlango wa kempa haufunguki. Nikazunguka: mguu wa mbele kushoto umezama kiasi cha kidole cha kati, na ule wa nyuma kulia, ulio kinyume chake kwa pembe, naushika kwa vidole viwili unacheza. Haukuwa umebeba kitu. Kempa nzima ilikuwa imelala juu ya miguu iliyobaki, na mlango ulikwama kwa sababu fremu imejipinda.

Hesabu yake ni nyepesi. Kisahani cha chini cha jeki, tuseme sentimita 10 kwa 10, ni sentimita za mraba 100. Mguu ukibeba kilo 300, kila sentimita ya mraba inabeba kilo 3. Weka ubao wa 30 kwa 30, eneo linakuwa 900, na mzigo unashuka hadi theluthi ya kilo. Mara tisa. Mbao nne zinamaliza ugomvi huo.

## Hatua ya 3: Punguza uzito

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tanki la lita 80 lililojaa ni kilo 80 zinazotembea kila kempa inapoinama, na maji hukimbilia upande unaoanguka. Mwaga yote.

Mtungi wa gesi ufungwe kwenye koki yake, siyo kwenye jiko tu. Friji lifungwe kitasa. Paa la kuinuka lishushwe na kufungwa. Vyombo, viti na yale maboksi ya samaki ya safari ya jana vitoke. Na mtu asibaki ndani, hata mtoto aliyelala. Hakikisha kwa kuingia mwenyewe, usiulize kwa sauti kutoka nje.

## Hatua ya 4: Simamisha gari

Ingiza gari mpaka miguu ya kempa ielekee alama zako. Nyoosha usukani kabisa. Gia, hendibreki, kisha kabari mbele na nyuma ya tairi moja la nyuma.

Mlango wa nyuma wa bodi uondolewe kabla, kama haukuondolewa wakati wa kupakia. Saidi mira zikunje.

Sasa chomoa plagi ya umeme inayounganisha kempa na gari. Chomoa sasa hivi, ukiwa unasoma. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote: watu wanakumbuka mikanda, wanakumbuka jeki, wanaendesha gari mbele, na waya unakatika kama uzi wa kushonea. Mimi huning'iniza kitambaa chekundu kwenye usukani. Hakitoki mpaka plagi iwe mkononi mwangu.

## Hatua ya 5: Miguu ishuke, kisha mikanda ilegee

Mpangilio huu usiugeuze. Weka mbao kwenye alama, pale penye bonde ongeza vile vyembamba, halafu teremsha miguu minne mpaka iguse mbao na kukaza kidogo tu. Baada ya hapo ndipo ulegeze mikanda, minyororo au vikazio vya skurubu, vyote vinne, na uvitoe kabisa kwenye ndoano.

Ukilegeza kabla miguu haijagusa, kempa inaweza kuteleza kwenye mteremko. Ukisahau kulegeza, utainua kempa pamoja na gari, na kitakachokatika ni ndoano au ukuta wa kempa. Vyote viwili ni ghali.

Shika kila mguu utikise. Uliobeba uko kimya na baridi kama nguzo ya umeme. Usiobeba unagonga ndani yake, tik tik. Zungusha huo mpaka nao unyamaze.

## Hatua ya 6: Kuinua

Hapa ndipo watu wanapoharakisha. Kijana mwenye nguvu anazungusha mguu mmoja mara thelathini, anapumzika, anahamia wa pili. Wakati huo boksi gumu limeshakaa juu ya miguu miwili iliyo kinyume kwa pembe, na miwili mingine imeachwa hewani. Nne zimekuwa mbili.

Zungusha mara tano kila mguu, kisha uhamie wa pili. Anza na miwili ya mbele, fuata ya nyuma. Pua ya kempa iwe juu kidogo kuliko mkia wakati wote, sentimita 2 hivi, kwa sababu sehemu inayolala juu ya kebini ya dereva ni nzito, na kempa ikianza kuinama mbele itaendelea kutaka kuinama. Kila mzunguko angalia pimamaji zote mbili na utikise miguu.

Jeki za umeme zenye rimoti zinapunguza jasho, hazipunguzi kuzunguka. Usisimame sehemu moja ukibonyeza. Na wanaotumia drili: weka nguvu ya chini, drili isikupinde kiwiko.

Jambo litakalokushangaza mara ya kwanza: unazungusha, unazungusha, na kempa haiachani na bodi. Jeki haijaharibika. Springi za gari zinanyooka kadiri mzigo unavyotoka, kwa hiyo bodi inaifuata kempa juu. Endelea kwa zamu zile zile. Mwishowe utaona mwanga kati yao.

Utajua umefaulu: nafasi ya sentimita 5 kati ya sakafu ya bodi na kempa, na mkono wako unapita juu ya vifuniko vya matairi bila kukwaruzika. Hiyo sehemu ya juu ya kebini nayo iangalie kwa macho, kutoka pembeni. Usiingize kichwa chini yake.

Kuanzia hapa hakuna anayepita chini ya kempa. Wala kutoa kandambili iliyotumbukia. Watoto wa mtaa wanaona ile miguu ni bembea. Weka mtu mzima getini.

## Hatua ya 7: Kutoa gari

Kwanza mkubaliane lugha na mwenzako. "Hapo hapo" kwetu ina maana mbili: simama hapo hapo, na endelea hapo hapo ulivyo. Nimeona geti limebomolewa kwa neno hilo. Tumieni "simama" peke yake kwa kusimama, na badala ya kulia na kushoto semeni "upande wa dereva" na "upande wa abiria". Anayeelekeza akiwa ameligeukia gari, kulia kwake siko kulia kwa dereva.

Toa kabari. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Nenda sentimita 30, simama, shuka, zunguka. Waya? Mkanda uliosahaulika? Mguu uliosogea? Kama yote ni sawa, endelea.

Usiguse usukani mpaka bodi yote iwe imetoka. Ukikata upande wa abiria mapema, mkia wa pikapu unafagia kuelekea upande wa dereva, na hapo kuna mguu wa jeki. Upana wa Hilux ni kama mita 1.8, na nafasi inayobaki kila upande huwa ni kiganja au pungufu. Ukigonga mguu mmoja, mitatu haitakusubiri.

Kabla hujaondoka eneo hilo, chora kwa chaki au rangi mstari wa njia ya matairi, na alama ya mahali tairi la mbele lilisimama. Siku ya kupakia utajishukuru.

## Hatua ya 8: Ishushe chini

Kempa iliyoachwa juu kimo cha bodi si nyumba. Ishushe kadiri inavyokubali, mara tano tano, ukianza na miguu ya nyuma ili pua ibaki juu kidogo. Panga magogo kimsalaba chini ya sehemu ngumu za sakafu, mbele na nyuma, kisha ilaze juu yake. Jeki zibaki zimekaza, lakini uzito ulale kwenye mbao.

Usilale ndani ikiwa juu ya jeki tupu. Mtu mmoja akigeuka kitandani, jengo zima linayumba, na miguu inazoea kuyumba mpaka skurubu zinalegea. Kama itakaa zaidi ya usiku mmoja, kagua kila baada ya mvua kwa kushika miguu na kutikisa. Dakika mbili.

## Kupakia: mambo yale yale, na manne yanayotofautiana

Sitarudia kila kitu. Ardhi ni ile ile, asubuhi ni ile ile, maji ya tanki yamwagwe vile vile. Utayajaza gari likiwa tayari barabarani, na siyo yote kama huyahitaji.

Kwanza, uzito dhidi ya gari. Soma kibandiko cha gari au kitabu chake kujua linabeba kiasi gani. Pikapu nyingi za aina ya Hilux hubeba karibu tani moja, nyingine pungufu, na hapo abiria wamo, na mkungu wa ndizi wa shemeji umo. Kempa ya kilo 650, watu wazima wanne wa kilo 75 na maji lita 80, tayari ni kilo 1,030. Halafu kitovu cha uzito wa kempa kikae mbele ya ekseli ya nyuma, au juu yake kabisa. Kikikaa nyuma, mbele ya gari inakuwa nyepesi na usukani unaelea. Pikapu ya milango minne ina bodi fupi, kama mita 1.5, kwa hiyo kempa ya bodi refu isiingie huko hata kama inatosha kwa upana.

Pili, vipimo viwili. Pima kimo cha sakafu ya bodi gari likiwa tupu. Pima kimo cha chini ya kempa. Inua kempa kwa zamu zile zile mpaka izidi bodi kwa sentimita 6 au 7. Fagia bodi, kokoto moja chini ya raba itatoboa sakafu ya kempa kabla hujafika Magu. Tandika raba: bila hiyo mbao au alumini inateleza juu ya bati lililopakwa rangi.

Tatu, kurudi rivasi. Bandika tepu katikati ya ukuta wa mbele wa bodi na katikati ya ukuta wa mbele wa kempa. Tepu mbili zionane. Anza kunyoosha gari ukiwa mbali, mita 6 au 7, kwa kufuata ule mstari wa chaki. Mita ya mwisho hairekebishwi kwa usukani. Kama haijanyooka, toka nje yote uanze upya. Mimi mwenyewe huanza upya mara mbili, wakati mwingine tatu, na majirani wanacheka. Simama mita moja kabla ya mwisho, shuka uangalie pande zote mbili, kisha malizia taratibu mpaka ubao wa kizuizi, ule wa mbele ya kempa, uguse ukuta wa mbele wa bodi. Kugusa tu. Ukisikia kishindo umechelewa.

Nne, kushusha na kufunga. Hendibreki, gia, kabari. Shusha kwa zamu, mara tano tano. Springi zitabonyea, bodi itashuka kidogo na kempa, usishtuke. Uzito wote ukishakaa, funga mikanda minne kwa pembe, ya mbele ivute mbele na nje, ya nyuma ivute nyuma na nje, ukikaza moja na ile ya kinyume chake kwa zamu. Kisha ndipo uinue miguu mpaka mwisho. Mguu ulioachwa unaning'inia utakutana na tuta la kwanza.

Plagi. Taa za breki, indiketa zote mbili, taa za usiku. Namba ya gari ionekane. Kempa nyingi zinaifunika na trafiki hatakuwa na muda wa maelezo. Upepo wa matairi ya nyuma uwe ule wa gari lenye mzigo, kama kibandiko kinavyosema.

Chora mstari wa rangi juu ya kila nati ya kukazia, upite mpaka kwenye chuma cha pembeni. Ukielekea Ndabaka, lango la Serengeti, simama Kisesa. Ukielekea Geita kwa Daraja la Kigongo–Busisi, simama Usagara. Kilomita 20 hivi zinatosha kempa kukaa mahali pake, raba kubonyea na mikanda kulegea. Mstari uliovunjika ndiyo nati iliyozunguka: ikaze, rudisha rangi, na usimame tena Magu, au kabla ya kupanda daraja.